Mlango Uliouma Umeme Ukiwa Umezimwa

Mlango wetu ulianza kuuma watu mvua za kwanza ziliponyesha. Ni mlango wa chuma, na fremu yake ni ya chuma. Mume wangu Arsène aliununua kwa mtu aliyekuwa anabomoa nyumba ya zamani upande wa stesheni. Asubuhi moja nilishika kitasa nikiwa peku, na kitu kikanipanda mkononi hadi kwenye kiwiko kama siafu waliokasirika. Nilikiachia, nikavitazama vidole vyangu, nikasema pengine ni mishipa, maana mkono wa pili ulikuwa na ndoo nzito. Kesho yake ukamuuma Arsène. Kisha ukamuuma mwanamke mmoja wa kwaya aliyekuja kunirudishia sufuria, naye akalipeleka neno hilo kwenye mazoezi ya kwaya kabla mimi sijaiweka sufuria mahali pake.

Lakini Mama Henriette haukumuuma.

Mama Henriette ndiye aliyemzaa Arsène. Anakaa nasi tangu baba mkwe alipofariki. Yeye ndiye aliyebaki na binti yangu Orpa kila jioni niliyokwenda darasani, kwa kuwa mimi nilianza kusoma nikiwa mama mzima, katika masomo ya jioni ya umeme kwenye ukumbi wa parokia. Kila asubuhi, sisi wengine tukiwa bado tumelala, Mama huvaa mabuti ya mpira ya marehemu mume wake, yale aliyopewa zamani alipokuwa akifanya kazi ya shaba. Huchota maji, huyamwaga kizingitini, na kuomba kwa sauti ya chini: anayetoka atoke na amani, anayeingia aingie na amani. Ni desturi aliyoachiwa na mama yake. Sisi tulioamka baadaye tulikuta kizingiti kimelowa na baraka yetu imekwisha kunenwa.

Sasa watu wakaanza kuyatazama yale maji kwa jicho lingine.

Nami niliwaambia tangu mwanzo kwamba ni umeme. Hawakunicheka. Walinijibu kwa jambo moja: mlango uliuma hata umeme ulipokatika. Hapa Likasi umeme huja na kwenda. Wanasema ni mashine za bwawa la Mwadingusha, wanasema ni nyaya, sisi tunawasha mishumaa. Na jioni moja mtaa wetu wote ukiwa gizani, Arsène alirudi kutoka depo anakobeba magunia, akashika kitasa, na tulimsikia akilia kama mbuzi.

"Courant iko wapi?" aliniuliza, akiutaja umeme kwa Kifaransa, huku akisugua mkono. "Marceline, nionyeshe. Courant iko wapi?"

Kisha ukamuuma Orpa. Alikuwa anakimbilia shule, miguu mitupu, viatu mkononi ili asivichafue kwa matope. Mlango ulimtupa chini. Aliuma ulimi, damu ikamtoka mdomoni, na kwa muda aliniangalia bila kunijua. Nilimbeba nikizunguka naye uani, nikilitaja jina la Yesu tu, neno lingine sikuwa nalo. Alipopona tukamshukuru Mungu. Lakini Arsène alimpigia simu kaka yake mkubwa kule Kambove, na Alhamisi Damas akafika.

Damas si mtu mbaya, lazima niseme hivyo. Anachimba madini Kambove, na anaongoza kundi la maombi huko. Mama alipougua miguu, ni yeye aliyembeba mgongoni hadi hospitali, akikataa kupokewa. Anampenda mama yake, na ndiyo maana jambo hili lilikuwa zito: alikuja na hofu ya mtu anayependa.

Alimketisha Mama uani na kumuuliza mbele yetu.

"Mama, juu ya nini mulango inauma bantu bote, lakini weye hapana?"

"Minye najua?" Mama alijibu akijigusa kifua. "Pengine inaniheshimu. Weye pia ungejifunza kwake."

"Mama, haiko mambo ya kucheka. Mutoto alianguka."

"Na ni nani alikesha naye? Weye ulikuwa Kambove."

Damas aliinamisha kichwa, kisha akasema alichokuja kusema. Jumapili, baada ya ibada, angemchukua Mama hadi Kambove, kwenye nyumba ya maombi ambako wazee hunyimwa chakula na maji mpaka waungame uchawi. Namfahamu mwanamke wa mtaa wetu aliyepelekwa kwenye nyumba ya namna hiyo. Alirudi amefunikwa shuka. Na Mama Henriette ni mtu ambaye, upepo ukivuma, unamshika mkono bila kufikiri.

Nilimtazama Arsène. Alikuwa anatazama juu ya paa.

Hapo nikafanya haraka, na haraka yangu ndiyo ilitufikisha pabaya. Nilikuwa na bisibisi ya testa, ile yenye kitaa kidogo ndani ya mpini. Unagusisha ncha kwenye kitu, unaweka kidole gumba juu ya mpini, na kama kuna umeme kitaa kinawaka chekundu. Nikaenda nayo mlangoni mbele ya Damas, mbele ya majirani waliokuwa wamejaa ukutani kama kwenye mechi, nikagusa. Kitaa kikawaka.

"Mumeona?" nilipiga kelele. "Ni courant! Haiko uchawi, ni courant tu!"

Watu wakaguna. Nilijisikia kama mtu aliyejibiwa ombi.

"Sawa," alisema Damas, kwa upole. "Kama ni courant, izime."

Nilikimbia hadi kwenye swichi kuu ya nyumba, nikaishusha. Redio ikanyamaza, balbu ya sebuleni ikafa. Nikarudi, nikagusisha bisibisi kwenye mlango.

Kitaa kikawaka. Chekundu kilekile.

Niliondoa bisibisi, nikaifuta kwenye nguo kana kwamba ina uchafu, nikagusa tena. Kikawaka. Damas alivua kofia yake na kuanza kuomba kwa sauti ndogo. Nyuma ya ukuta mwanamke mmoja alisema, "Hata machine ya Mama Orpa imemuona." Mama Henriette alisimama, akapita katikati yetu na mabuti yake, akashika mlango uleule, akaufungua, akaingia ndani. Haukumfanya kitu.

Nilitaka kumtetea, na mkono wangu ndio uliomtolea ushahidi.

Tangu hapo Damas alifunga kitambaa cheupe kwenye kitasa na kuamuru sote tupite dirishani. Nyumba yetu ina mlango mmoja. Kwa hiyo tulipita dirishani: Arsène na mwili wake mkubwa, mimi na sketi yangu na beseni la samaki wakavu wa mto Lufira ninaouza, Orpa ambaye peke yake alifurahi. Na Mama akawa anaingia na kutoka kwa mlango kama malkia, akitukuta tumening'inia dirishani.

"Murefushe miguu," alikuwa akisema. "Dirisha ile haikujengwa juu ya bakubwa."

Lakini chumbani nilimwona anakunja vikwembe vyake, vitenge vyake vya kujifunga, na kuviweka kwenye mfuko.

Ijumaa jioni nilikwenda darasani na moyo usiotulia. Nilijaribu kuomba njiani, lakini maombi yangu yalikuwa yanarudi kwenye kile kitaa chekundu. Mwalimu wetu, Monsieur Théophile, alikuwa ameleta chupa ya jamu. Alikuwa ametoboa kizibo na kupitisha waya, na mwisho wa waya, ndani ya chupa, alining'iniza vipande viwili vyembamba vya karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Alisugua rula ya plastiki kichwani kwake, akaisogeza karibu na waya. Vile vipande viwili vilivyokuwa vimelala pamoja vikaachana, kila kimoja kikienda upande wake, kama ndugu waliogombana.

"Hii chupa inajua nini?" aliuliza.

"Inajua kama rula iko na chaji," mmoja wetu alijibu.

"Njo ile. Na inajua chaji ilitoka wapi?"

Alitutazama mmoja mmoja, akajijibu mwenyewe.

"Hapana. Ukileta rula, itafunguka. Ukileta kitana, itafunguka. Haiulizi jina la muntu. Inasema tu: kitu iko."

Darasa lilipokwisha nilibaki. Nikamweleza yote: mlango, swichi, kitaa, Mama, Jumapili. Sikuona haya kulia. Monsieur Théophile alinisikiliza huku akifuta ubao.

"Ulipima kati ya nini na nini?" aliuliza.

"Mlango."

"Mlango na nini?"

"Mlango, mwalimu. Mlango tu."

"Mama Marceline, nimewaambia mara ngapi? Volti haikai mahali pamoja. Iko kila siku kati ya fasi mbili. Bisibisi yako ni kama ile chupa, inasema tu kitu iko. Haisemi ngapi, haisemi kutoka wapi." Aliweka kifutio. "Na ulizima courant ya nani?"

"Yetu."

"Ya kwenu," alirudia. Alifungua kabati, akatoa multimita ya rangi ya njano, ile tunayoshika kwa zamu, yenye waya mwekundu na mweusi. "Viatu vikavu. Mkono moja mgongoni. Na usipande kwa paa ya chuma, hata kama malaika amekuita. Uirudishe nzima. Weye pia urudi muzima."

Niliificha chini ya nguo mpaka nyumbani, kama mwizi.

Jumamosi mvua haikukatika, na Damas hakuondoka karibu na mlango. Aliketi na Biblia yake magotini, akiomba, akikataa uji. Mimi nilizunguka. Nilikwenda jikoni, nikarudi, nikapanga samaki, nikawapangua. Swali la mwalimu lilikuwa limenikaa kichwani: ulizima courant ya nani? Niliwaza nyaya zote za mtaa wetu, jinsi zinavyopita juu ya vichwa vyetu zikikatana, huyu akivuta kutoka nguzo hii, yule kutoka ile. Arsène naye hakutulia. Mara mbili nilimkuta amesimama nyuma ya nyumba kwenye mvua, na nilipomwita aliruka.

"Unatafuta nini huko?"

"Bule," alijibu. "Naangalia maji fasi inapitia."

Jumapili asubuhi niliwaambia kwamba ninaumwa kichwa. Haukuwa uongo. Tangu nilipookoka sijawahi kukosa ibada nikiwa na miguu ya kunifikisha, na walipotoka wote pamoja na Orpa, na nyimbo zikaanza kusikika kutoka kanisani, nilihisi nimebaki nje ya safina. Mama alikuwa amekaa kitandani, mfuko umefungwa, mabuti miguuni.

"Haukwenda kuomba?" aliniuliza.

"Naomba hapa, Mama."

Nilipigilia chuma kwenye udongo uliolowa karibu na kizingiti, nikaubana waya mweusi pale. Hiyo ndiyo ilikuwa nukta yangu ya kwanza. Nikashusha swichi kuu ya nyumba. Nikaweka mkono mmoja mgongoni, na kwa mkono wa pili nikagusisha waya mwekundu kwenye mlango. Namba zikakimbia, zikasimama karibu na mia moja tisini na sita. Katika nyumba iliyozimwa.

Hiyo si nguvu ya kutekenya, ni nguvu ya kuua. Mungu alikuwa amemshika mtoto wangu kwa nywele.

Nikapima fremu: ileile. Kisha nikafuata kwa macho. Kutoka kichwa cha fremu kulikuwa na waya wa chuma, ule tuliofungia mabati ili upepo usiyabebe. Nilichukua koleo lenye mpini wa plastiki, nikaufungua ule waya taratibu kutoka kwenye fremu, nikauacha ukining'inia. Nikapima mlango. Namba zikaanguka hadi chini ya nne. Nikagusisha kwenye ncha ya ule waya uliotoka juu. Karibu mia mbili.

Kwa hiyo mlango haukuwa na kosa. Mlango ulikuwa mdomo tu. Kilichokuwa kinasema kilikuwa juu ya paa.

Nilizunguka hadi nyuma, kwa jirani yetu Papy, ambaye huunga vyuma kwa umeme. Jumapili au si Jumapili, cheche zilikuwa zinaruka.

"Mama ingénieur!" aliniita akiinua kinga ya uso. "Leo umekimbia kanisa? Nitakuchongea kwa pasta."

"Papy, courant yako inatoka wapi?"

"Eh! Umekuwa muntu wa société ya courant sasa? Unakuja kunikatia?"

"Papy, mama mkwe wangu wanamubeba leo. Nijibu."

Aliacha mzaha. Alinionyesha kwa kidole nguzo ya barabara ya pili, ile ya laini inayokwenda upande wa hospitali, ambayo mara nyingi hubaki na umeme wakati sisi tumo gizani. Kutoka nguzo hiyo kebo yake nyeusi ilipita juu ya ukuta, juu ya paa letu, ikashukia kwake. Alisogeza ngazi kwenye jukwaa la mbao alilowekea pipa la maji, nikapanda, naye akapanda nyuma yangu. Kutoka pale tuliliona paa letu lote. Kwenye kona kulikuwa na tairi kuukuu lililowekwa kukandamiza kebo isipeperuke. Upepo ulikuwa unalitikisa lile tairi kidogo kidogo, kama mtu anayesaga. Na pale chini yake ngozi nyeusi ya kebo ilikuwa imelika, shaba inang'aa juu ya bati lenye maji.

"Yesu wangu," alisema Papy. Alishuka mbio. "Nakwenda kuchomoa fyuzi kwa nguzo."

"Ngoja," nilisema. "Simama kwa nguzo mpaka nikuite."

Mpaka leo sijui kama nilifanya vema. Kama angechomoa wakati ule, mlango ungenyamaza, na Damas angerudi na kusema umenyamaza kwa sababu ya maombi yake, au kwa sababu Mama alijua anaondoka. Nilitaka ubaya ule uonekane ukiondoka. Nilirudi, nikaurudisha ule waya wa chuma kwenye fremu kwa koleo, nikasimama mbele ya mlango mikono imefunguliwa ili asiusogelee hata kuku. Niliomba kwa macho yaliyo wazi. Bwana, kama ninajivuna, uniangushe mimi, usimwangushe mtoto wa mtu.

Walirudi wakiimba. Damas alikuwa mbele, na majirani walimfuata, maana walijua ni siku ya Mama. Mama alikuwa ametoka nje na mabuti yake na kukaa juu ya mfuko wake uani.

"Yaya Damas," nilimwita, kama tunavyomwita kaka mkubwa. "Njoo usome mwenyewe."

"Tena ile machine?"

"Hii ni nyingine. Hii inahesabu."

Alikuja. Nilimwonyesha chuma kilicho kwenye udongo, nikamwonyesha mlango. Nikamwambia: hii inasema mlango umeuzidi udongo kwa umeme kiasi gani, basi, hakuna lingine inalolijua. Nikagusisha. Alisoma kwa sauti, "Mia moja tisini na ine." Nikamwonyesha swichi yetu iliyoshushwa. Kisha nikapaza sauti juu ya ukuta:

"Papy! Chomoa!"

Tulingoja. Namba zilikuwa zinacheza palepale. Halafu zikaanguka kama mtu aliyekatwa miguu: sitini, kumi na mbili, moja na kitu.

Kelele zikapigwa. Mtoto mmoja akapiga makofi. Lakini Damas hakutoa macho kwenye kioo.

"Haiko ziro," alisema.

Kweli haikuwa ziro. Ilikuwa inarukaruka: sufuri nukta nane, moja nukta moja, sufuri nukta tatu.

"Kitu inabakia," Damas alisema. "Angalia. Iko inatembea."

Niliziondoa nyaya zote mbili, moja kwenye chuma, nyingine mlangoni, nikaziinua hewani, hazigusi kitu. Namba ziliendelea kurukaruka vilevile.

"Iko na masikio makali sana, Yaya. Hata hewani inasikia nyaya za mtaa."

"Basi hewa pia ni muchawi," alisema Mama Henriette kutoka juu ya mfuko wake. "Damas, uifunge, uipeleke Kambove."

Watu walicheka, wengine wakiziba midomo. Damas hakucheka. "Kama unaamini," aliniambia, "ushike."

Nilivua kandambili. Nilikuwa nimepima, nilikuwa nimeona, nilikuwa namjua mwenye fyuzi mkononi, na bado niliomba kwanza. Matope yalikuwa baridi kati ya vidole vya miguu. Nilimtazama Orpa, aliyekuwa ameficha uso kwenye shati la baba yake. Nikashika kitasa kwa kiganja kizima.

Kilikuwa chuma tu. Baridi, na kutu kidogo.

Damas alitikisa kichwa polepole. Nilidhani yamekwisha. Kisha akaniuliza, bila ukali, kama mtu anayetaka kujua kweli:

"Nakubali, ni courant. Lakini waya haiko na miguu. Nani aliituma ije juu ya nyumba ya mama yangu?"

Kwa swali hilo sikuwa na chombo. Nilishika multimita mkononi kama jiwe. Majirani walimgeukia Mama, mmoja baada ya mwingine, na nikaona yale yote niliyoyafanya yanamwagika.

"Minye," alisema Arsène.

Hakuna aliyemwelewa mara moja. Alimbandua Orpa kwenye shati lake, akasogea mbele.

"Ni minye niliituma. Papy alikuja kuniomba fasi ya kupitisha kebo yake, nikamwambia pitisha. Alitutengenezea bawaba za mulango. Ile tairi ni minye niliipandisha. Nilipanda na mikono yangu hii." Aliinyoosha mbele yetu. "Siku ile Marceline alizima swichi na kitaa kikawaka, nilianza kuwaza ile tairi. Niliogopa kusema. Nilijiambia pengine haiko ile. Mama, niliacha bakuite muchawi, na minye nilikuwa nawaza tairi."

Nilikumbuka mvua ya Jumamosi, na alivyoruka nilipomwita. Hasira ilinipanda, kisha ikakosa mahali pa kukaa, maana alikuwa analia mbele ya mtaa mzima.

"Yaya, weye ulisema kila kitu iko na mwenye kukituma," aliendelea. "Mwenye kukituma ni minye. Kama ni kubeba muntu Kambove, unibebe."

Damas alikaa kizingitini, juu ya maji ya mama yake, na suruali yake ya ibada. Mama Henriette aliinuka kwenye mfuko. Alivua mabuti, moja kisha la pili, na nikaiona miguu yake, myembamba, myeupe kwa unyevu wa mpira. Akayaweka mabuti mbele ya mwanawe mkubwa.

"Vaa."

"Mama…"

"Ni ya baba yako. Vaa, halafu shika mulango."

Alivaa. Yalimbana, alisimama ndani yake kama mtoto aliyeiba viatu. Alifumba macho, akanyoosha mkono, akashika kitasa. Tulisubiri. Alifumbua jicho moja.

"Inakuuma?" Mama aliuliza.

"Hapana, Mama."

"Basi, weye pia ni muchawi."

Kicheko kilichotoka hapo sijakisikia tena mtaani kwetu. Hata Damas alicheka, machozi yakimshuka, bado ameshika mlango. Mimi nilieleza juu ya mpira na umeme, kwa nini mguu mkavu ndani ya buti haupitishi, lakini sidhani kama kuna aliyenisikiliza.

Papy alibadilisha kebo na kuipitisha juu ya nguzo za mbao, mbali na mabati yetu. Damas alirudi Kambove peke yake. Multimita niliirudisha nzima, na Monsieur Théophile aliniuliza swali moja tu: na weye? Nikasema mimi pia nimerudi.

Lakini sijatulia. Kila asubuhi Orpa anasimama ndani, viatu miguuni, na hataki kutoka mpaka niuguse mlango kwanza kwa bisibisi, kisha kwa mkono. Arsène anaamka kabla ya mama yake na kumchotea maji. Anayaweka karibu na mabuti na kurudi kitandani, naye Mama anayamwaga na kutuombea kama zamani, anayetoka na anayeingia.

Na mfuko wake ulibaki umefungwa, kando ya kitanda. Sikuthubutu kuuliza. Nilipita karibu nao siku baada ya siku, nikijua kwamba mlango nimeupima na udongo, lakini kati ya Mama na sisi kuna kitu kilichobaki, na hakuna waya mwekundu wala mweusi wa kukigusa. Niliomba tu. Jana, nilipokuwa nafagia chumba chake, niliukuta umefunguliwa kidogo. Kikwembe kimoja kilikuwa kimetolewa, kimekunjwa vizuri, kimerudishwa kabatini.

Nilifagia kuuzunguka mfuko, nikatoka polepole, nisije nikautikisa.